Okidi yenye majani yaliyolegea: anza na mizizi

Dada, umeuliza kwa nini majani yamelegea na kukunjana ilhali unamwagilia kila siku. Ni hayo hayo maji: mizizi imeoza, haiwezi tena kunywa.

Itoe chunguni, osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kisha ubonyeze mmoja mmoja. Mzima ni mgumu, wa kijani au kijivu. Uliooza ni wa kahawia, ni laini, na ukiuvuta ganda linavuka unabaki uzi tu. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, uache ikauke usiku kucha. Mdalasini usipake kwenye mizizi, unaikausha.

Udongo wa bustani hapana, unaziba hewa. Tumia vipande vya magome ya msonobari vya sentimita 1 hadi 2, au makumbi ya nazi yaliyolowekwa siku nzima na kusuuzwa mara 3 kutoa chumvi. Chungu kiwe na matundu na kiwe kidogo, mizizi ienee tu.

Mwagilia mizizi ikigeuka kijivu, maji yasituame katikati ya majani. Shina la maua likate, linakula nguvu. Mbolea baadaye, mzizi mpya ukishachomoza. Majani yaliyokunjana huenda yasinyooke tena. Tazama lile jipya.