Kesi ya jogoo, kesi ya kahawa na nyingine mlizoniuliza

Nilipoandika hapa kwamba si kila kesi inayochekwa ni ya kuchekesha, baadhi yenu mlinikubalia na wengine mlinikemea. Leo najibu maswali matano yaliyonifikia.

Jirani yangu mpya ametishia kunishtaki kwa sababu jogoo wangu anawika saa kumi alfajiri. Kuna kesi hapo, au ananitisha tu? (Majengo, Moshi)

Kero ni dai linalotambuliwa na sheria, kwa hiyo kufungua anaweza. Kushinda ni jambo jingine, maana mahakama huangalia mahali, kiwango cha kelele, na kama mtu wa kawaida angeivumilia. Wafaransa walikutana na jambo hilihili mwaka 2019, wenye nyumba ya mapumziko katika kisiwa cha Oléron waliposhtaki kwa sababu ya jogoo aliyeitwa Maurice. Mahakama ya Rochefort iliwakatalia na kuwaamuru wamlipe mwenye jogoo euro 1,000, na Januari 2021 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Majengo si shamba, lakini si wodi ya wagonjwa pia.

Yule bibi wa Marekani aliyelipwa mamilioni kwa kumwagikiwa kahawa, si ndiye mwenye kesi ya kipuuzi kuliko zote? (Sakina, Arusha)

Siye, na ningependa tuache kumtolea mfano. Stella Liebeck, aliyekuwa na miaka 79, alikuwa abiria katika gari lililosimama mjini Albuquerque mwaka 1992, akiwa amebana kikombe cha kahawa ya McDonald's katikati ya magoti ili afungue kifuniko. Kahawa hiyo iliuzwa ikiwa na joto la nyuzi 82 hadi 88 za Selsiasi. Ilimuunguza mapaja hadi akapandikizwa ngozi, akalazwa siku nane. Aliomba takriban dola 20,000. Kampuni ikamwahidi dola 800. Ilipofika mahakamani ikabainika kwamba watu wapatao 700 walikwisha kulalamika kuunguzwa kabla yake, na kahawa haikupunguzwa moto.

Raia walioketi kuamua shauri hilo mwaka 1994 walisema naye alichangia kosa kwa asilimia 20, kwa hiyo fidia ya dola 200,000 ikashuka hadi 160,000. Wakaongeza dola milioni 2.7 za kuiadhibu kampuni, jaji akazipunguza hadi 480,000, kisha pande zote mbili zikapatana nje ya mahakama. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo isiyosimuliwa vijiweni. Nasi wa Kilimanjaro na Arusha tunaijua kahawa iliyochemka, lakini muuza kahawa wa kijiweni hukukabidhi kikombe kidogo ukiwa umeketi, naye hukuonya, "Taratibu, ina moto." Kwa kipimo changu, kesi ni ya kipuuzi pale ambapo hakuna haki iliyovunjwa, hata kama kiasi kinachodaiwa ni kidogo, na hapa haki ilivunjwa.

Anayefungua kesi isiyo na msingi anafanywa nini? (Usa River)

Hati ya madai isiyoonyesha sababu ya kudai hukataliwa mapema chini ya Kanuni ya 11 ya Amri ya VII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, na aliyeshindwa anaweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Kama alikusingizia jinai, unaweza kumdai kwa kukushtaki kwa hila, lakini mlima huo ni mrefu: shauri la Jeremiah Kamama dhidi ya Bugomola Mayandi la mwaka 1983 linataka uthibitishe kwamba ulishtakiwa, ukashinda, hapakuwa na sababu ya kuridhisha, palikuwa na nia mbaya, na ulipata hasara, yote kwa pamoja. Ninapotofautiana na mahakimu wetu ni kwenye mazoea ya kuandika "kila upande ubebe gharama zake", hasa wanapogombana ndugu. Huruma hiyo humlipisha wakili mtu ambaye hakuanzisha ugomvi.

Mahakama ya Rufani ilikosea au haikukosea kuhusu mgombea binafsi? (Ngarenaro, Arusha)

Kwa maoni yangu ilikwepa. Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye wengi walimwona mpenda kesi tu, alidai haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba, akarudi akashinda tena mwaka 2006. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la kisiasa linalopaswa kuamuliwa na Bunge. Naheshimu hofu ya majaji ya kujifanya watunga Katiba, lakini kumwambia raia arudi kwenye Bunge lilelile lililoifuta haki aliyokwisha kuishinda ni kumzungusha. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapohapo mjini kwenu, iliamua kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa. Novemba 2019 Tanzania ilitoa notisi ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hilo linanisumbua kuliko hukumu ya 2010.

Kaka yangu amevuka mpaka wa kihamba kwa hatua moja. Wanangu wanasema kushtaki kwa ajili ya hatua moja ni upuuzi. (Machame)

Wanao wamezoea viwanja vya kununua. Katika kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, alikozikwa baba, hatua moja ina uzito, na ukinyamaza miaka 12 sheria ya ukomo inaweza kukufungia mlango. Anzia baraza la kata, ukijua kwamba tangu mwaka 2021 halina tena mamlaka ya kuamua bali ya kusuluhisha. Siku 30 zikipita bila mapatano, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mzee aliyeona masale ya mpakani (mmea ambao Wachagga huutumia pia kuombea msamaha) yakipandwa, si picha za simu peke yake. Na kaka yako akikutangulia kwa kuja nyumbani na jani la masale mkononi, unajua mwenyewe kwamba hapo hakuna tena cha kupeleka katani.