Vifaa vya kupambia keki kutoka jikoni kwako: anza na karatasi

Dada, umeuliza namna ya kupamba keki ya kipaimara cha mdogo wako ilhali huna mfuko wa kupambia, nozeli (ncha ya kutolea krimu) wala meza ya kuzungushia keki, na fedha iliyopo inatosha viungo tu. Nimeoka keki za kuuza hapa Tanga kwa miaka tisa, na mitatu ya mwanzo nilioka kwa sufuria na mkaa, moto juu na moto chini, bila kununua kifaa hata kimoja cha mapambo. Ninakusihi uanze na karatasi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu koni iliyokunjwa vizuri itakufanyia zaidi ya nusu ya kazi.

Tumia karatasi ya kuokea, si gazeti wala karatasi ya daftari, kwa kuwa wino wake unaweza kuingia kwenye krimu. Kata mraba wa sentimita 30 kila upande, kisha uukate kutoka pembe hadi pembe upate pembetatu mbili, kila moja ya koni yake. Iweke pembetatu mezani, upande mrefu ukiwa mbali nawe na pembe ya katikati ikikuelekea. Katikati ya ule upande mrefu ndipo itakapokuwa ncha. Pembe ya kulia ikunje kwa ndani mpaka ikutane na ile inayokuelekea, uishikilie hapo, kisha pembe ya kushoto uizungushe kwa nje mpaka nayo ifike pale pale. Zikiwa zote tatu mkononi, zivute taratibu mbele na nyuma huku ukiitazama ncha, nayo itajifunga. Ukiinua koni kwenye mwanga na usione tundu, iko tayari, nawe ukunje pembe zote kwa ndani ili isifunguke. Jaza krimu hadi nusu tu.

Mkato wa ncha ndio unaoamua pambo. Kwa maandishi kata kidogo sana, kama milimita 2. Kwa majani, ibonyeze ncha iwe bapa, kisha kata kulia na kushoto ili ibaki na umbo la ncha ya mkuki. Ukiiachia itafunguka kama mdomo wa ndege, na kila ukiminya na kuvuta utapata jani lenye mstari katikati.

Kwa maua ya nyota karatasi hulegea upesi, hivyo hapo ninatumia chupa ya maji ya nusu lita. Kata shingo ya chupa chini kidogo ya ile pete yake. Chukua mfuko mpya wa plastiki wa kufungashia chakula, kata kona moja, ipitishe ndani ya shingo, uikunje kwa nje juu ya nyuzi za parafujo, kisha ufunge kizibo juu yake. Krimu itagusa mfuko na kizibo tu, nawe unaweza kubadili vizibo bila kumwaga krimu. Kwenye kizibo chora nyota ya ncha sita yenye upana wa milimita 8 hivi, toboa katikati kwa msumari uliopashwa moto, malizia kwa wembe, halafu lainisha kwa msasa. Osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha pitisha kipande cha pamba ukingoni mwa tundu. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, rudia msasa, kwani penye kunasa pamba ndipo krimu itakapochanika na ndipo kipande cha plastiki kinapoweza kung'oka.

Wapo watakaokushauri ukate nozeli kutoka kwenye kopo la soda. Mimi niliwahi kufanya hivyo, nikakuta chembe ya bati iliyomeremeta ndani ya krimu ya waridi, na nikamwaga kilo nzima iliyokuwa tayari. Keki italiwa na watoto, tafadhali usijaribu.

Meza ya kuzungushia utaipata kwa gololi. Panga gololi za ukubwa mmoja, kama 20, ndani ya chombo cha mviringo cha kuokea chenye kitako bapa, kisha weka juu yake sahani bapa iliyo ndogo kidogo kuliko chombo hicho. Ijaribu kwanza kwa kuizungusha ikiwa na sufuria ya maji yenye uzito wa keki yako. Kusawazisha pembeni kunahitaji rula ya chuma iliyochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa, na mistari ya mapambo hutoka kwa kifuniko cha ndoo ya aiskrimu kilichokatwa meno kama kitana.

Jambo moja kuhusu krimu yenyewe, kwa sababu vifaa hivi vyembamba havisamehe: chekecha sukari ya unga mara mbili, kwani donge dogo likiziba ncha, utaminya kwa nguvu na koni itapasuka. Kwa joto la pwani, badala ya nusu ya siagi ninaweka mafuta magumu ya kupikia, na ninapamba alfajiri. Hata mikono huyeyusha krimu, hivyo andaa koni sita au nane, kila rangi na yake, na uiweke chini ile inayoanza kulainika.

Kwa kuwa keki ni ya Jumamosi, Alhamisi usiku geuza sinia, ufanye mazoezi juu ya kitako chake kilichooshwa vizuri: maandishi ya jina la mdogo wako kwanza, majani baadaye, nyota mwisho. Krimu utaikwangua na kuirudisha bakulini, na sinia lile lile litakuonyesha ni koni ipi uikate upya.