Jibu: Mbona yai la kiti cha pweza halijibu homoni ya neva?

Ndugu, umeuliza: ikiwa homoni ya kukomaza mayai ya kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) inatoka kwenye neva, mbona mayai yaliyovuliwa seli za folikuli hayaitikii dondoo ya neva?

Ni kwa sababu homoni ile haizungumzi na yai. Ni peptidi (protini fupi) ya jamii ya homoni iitwayo relaksini, na inaziamuru seli za folikuli zinazolizunguka yai. Hizo ndizo hutengeneza 1-methiladenini, kemikali inayolikomaza yai lenyewe, ambayo Haruo Kanatani na wenzake huko Japani waliitambua mwaka 1969. Ukiziondoa folikuli, umemwondoa mjumbe.

Kinachonivutia zaidi ni hiki: ukiidunga 1-methiladenini ndani ya yai, halishtuki. Itie kwenye maji ya bahari yaliyo nje, yai linaamka! Maana yake mlango wa kuipokea uko kwenye utando wa juu. Kutoka hapo ishara hupita kwa protini za G, kisha vimeng'enya PI3K na Akt, hadi Cdk1 iliyoungana na saiklini B, jozi ya protini inayoisukuma seli igawanyike. Hapo ndipo meiosisi (mgawanyiko wa seli unaoliandaa yai) iliyokuwa imesimama inapoendelea.

Jaribu kuyatia mayai yako 1-methiladenini moja kwa moja, kisha kaa kwenye darubini. Lile duara kubwa angavu la kiini litayeyuka, kwa spishi nyingi ndani ya nusu saa hivi.

Samaki nao wana mpangilio wa namna hii: homoni ya pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) huziamuru folikuli, nazo hutoa steroidi inayolikomaza yai.