Salio, maiki na taa zinazopepesa: maswali yenu kuhusu biashara ya video

Maswali yamejaa simuni. Nimeyafupisha, nikaondoa majina yenu na ya wateja wenu, maana Nairobi ni ndogo na harusi za Jumamosi hukutanisha watu wale wale.

Habari mwalimu. Nilipiga video ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) Limuru, tukakubaliana 45,000. Nikapewa 15,000, nikapeleka video kwenye flashi. Hii ni wiki ya saba, shemeji aliyeniita hashiki simu. Nifanyeje? (Kayole)

Pole sana. Ulimpa mtu ng'ombe pamoja na kamba yake. Nami nimewahi kufanya hivyo, tena kwa harusi kubwa kuliko hiyo, nikaambiwa mweka hazina yuko ushago na mtandao huko ni shida. Hadi leo naona hajarudi.

Tuanze na deni hili. Kusanya jumbe mlizoandikiana kuhusu bei, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha zile 15,000, na ushahidi wa siku uliyokabidhi kazi. Mwandikie barua fupi ya madai, umpe siku kumi na nne. Mwandikie aliyekuagiza kazi, usiwasumbue maharusi ambao huenda hawajui lolote. Akinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kusikiliza kesi Milimani mwaka 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ukiitaja kwenye barua, watu wengi hukumbuka namba yako ghafla.

Sasa kazi ijayo. Mimi huchukua nusu kama arubuni ya kushika tarehe. Bila arubuni tarehe haijashikwa, hata kama ni binamu. Sehemu kubwa ya salio hulipwa asubuhi ya shughuli, kabla sijafungua begi. Kwa nini asubuhi? Saa mbili asubuhi mwenyekiti wa kamati ana pesa simuni na moyo mweupe. Saa mbili usiku mwenye hema anangoja, mpishi anangoja, dereva wa basi anapiga honi, na wewe ndiye mpole kuliko wote. Kwa hiyo wewe ndiye utakayeambiwa "kesho".

Kiasi kidogo kilichobaki, tuseme 5,000, hulipwa mteja akishatazama nakala yenye jina la biashara yako katikati ya kioo. Nakala safi hutoka baada ya ujumbe wa M-Pesa kuingia kwenye simu yako mwenyewe. Picha ya ujumbe uliodaiwa kutumwa haihesabiki.

Mteja anadai nimpe video zote nilizopiga, hata ambazo sijahariri. Nikamwambia ni mali yangu. Nimekosea? (Rongai)

Ulikuwa na sababu ya kukataa, ila sheria huenda isikuunge mkono. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Wapigaji wengi wa mjini hapa wanaamini kinyume chake, na wanabishana na mteja kwa ujasiri ambao hauna karatasi nyuma yake.

Dawa ni maneno machache kwenye mkataba: mteja anapata video iliyohaririwa, video ghafi si sehemu ya bei, akizitaka atalipa kiasi fulani, na utazihifadhi kwa miezi mitatu. Muda huo usiuache nje. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita ni gigabaiti 540 za harusi moja. Mteja akisema "weka tu kwenye flashi", mwonyeshe hesabu hiyo.

Mkataba usikuogopeshe, na hauhitaji kuwa na kurasa kumi. Wangu ni ukurasa mmoja, na mara nyingi umetiwa saini juu ya boneti ya gari.

Picha zangu ni safi lakini ndani ya ukumbi naona mistari myeusi inayopanda na kushuka. Kamera imeharibika? (Umoja)

Haijaharibika. Kamera yako imewekwa mfumo wa Marekani, ambako stima ni ya hezi 60. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ikiwa 1/60 ya sekunde haiendi sambamba na mpepeso huo, ndipo mistari huja. Ingia kwenye menyu, chagua PAL, yaani mfumo wa nchi za hezi 50, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Ukitaka mwendo wa polepole, fremu 50 na shata 1/100. Taa nyingine za rangi za DJ zina mpepeso wake na hazisikii la mtu. Hapo sogeza shata polepole ukitazama kioo hadi mistari itulie.

Wazee wanazungumza vizuri, lakini kwenye video ni jenereta tu. Ninunue lenzi gani? (Kikuyu)

Lenzi? Lenzi haisikii.

Ruracio ni maneno. Msemaji wa upande huu anatupa fumbo, wa upande ule analidaka, hema nzima inacheka, na hiyo ndiyo video ambayo familia itarudia kutazama miaka ishirini ijayo. Nunua vinasa sauti viwili vidogo vyenye maiki ya kubana kwenye kola, kimoja kwa kila msemaji, uviingize mfuko wa ndani wa koti kabla ya chai. Bonyeza kurekodi wewe mwenyewe na ufunge vitufe, maana mzee akitafuta miwani atakizima. Kisha simama mbele ya kamera upige makofi mara moja tu, kwa nguvu. Ukihariri, utapanga sauti na picha kwa mlio ule.

Na fika mapema umwombe mwenye jenereta aisukume nyuma ya ukuta kadiri waya unavyoruhusu. Soda moja baridi imewahi kunisaidia kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti.

Kampuni moja Westlands inataka ankara ya eTIMS ndipo initumie 80,000. Mimi ni mtu mmoja na kamera. Wananizungusha? (South B)

Hawakuzungushi. eTIMS ni mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kampuni haiwezi kuiondoa kwenye mapato yake inapokokotoa kodi. Huna haja ya mashine. Mfanyabiashara mdogo anaweza kutoa ankara hiyo kupitia eCitizen au kwa simu kwa *222#.

Usishtuke zikiingia 76,000. Ada ya kitaalamu kwa mkazi hukatwa asilimia 5, yaani 4,000, na kupelekwa KRA kwa jina lako. Dai cheti cha makato hayo, ukitumie unapowasilisha ritani ya kodi kabla ya tarehe 30 Juni. Ukikosa kukidai, umeizawadia serikali pesa hizo.

Naweza kuweka video ya sherehe ya shule kwenye ukurasa wangu kutafuta wateja? (Embakasi)

Bila ruhusa ya wazazi, hapana. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuwa akijiburudisha. Ongeza mstari wa idhini kwenye ule mkataba wa ukurasa mmoja.

Nichukue mkopo ninunue kamera au niendelee kukodi? (Kasarani)

Tuseme kukodi ni 4,000 kwa siku na mkopo utadai 16,000 kwa mwezi. Kama hupati zaidi ya siku nne za kazi kila mwezi, pamoja na Februari ambayo harusi huadimika, endelea kukodi.

Droni je? (Donholm)

Bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, chini ya kanuni za 2020, usiirushe. Mwite rubani mwenye leseni, umweke kwenye bei ya mteja.

Jirani amefiwa na mamake. Anataka nipige video ya mazishi bure huko Murang'a. Naona aibu kukataa. (Pipeline)

Usikatae, na usiseme bure. Kwenye lile kundi la WhatsApp la mazishi kuna orodha: fulani 1,000, fulani 500. Andika jina lako, na mbele yake "video ya mazishi, 20,000". Huo ndio mchango wako na kila mtu ameuona. Halafu mpigie mweka hazina faraghani umwombe nauli na chakula cha msaidizi wako. Atatoa, kwa kuwa sasa umo kwenye orodha, tena karibu na juu.

Siku yenyewe usisogeze kamera kaburini. Simama nyuma ya kwaya, tumia lenzi ndefu, uache maiki ya mhubiri ifanye kazi.