Kabla ya kupima njia, chagua pa kulala

SWALI: Papa, mimi ni mwalimu, tunakaa Himbi hapa Goma. Mume wangu na mimi, pamoja na watoto wawili wa miaka 13 na 8, tunataka kutembea siku moja kandokando ya ziwa, kuanzia Minova kwenda upande wa kusini, kilomita 7 kwenda na 7 kurudi. Tuna RAV4 ya zamani. Usiku tungependa kulala kwenye gari ili tusikimbizane na giza barabarani. Mume wangu ameona sehemu mbili: kishimo fulani upande wa Bulengo kinachokinga upepo, na uwanja wa mchanga ambapo mto unaingia ziwani. Ipi ni bora? Tutumie saa ngapi njiani? Nimesoma pia kwamba watu wa baharini hupanga matembezi kwa kuangalia maji kupwa na kujaa. Na sisi je? Halafu huyu wa miaka 8, ataweza?

JIBU: Mama mwalimu, asante kwa kuuliza kabla ya kuwasha gari. Miaka yote niliyoongoza watu kando ya ziwa Kivu, wengi huniuliza njia kwanza, na mahali pa kulala wanapaacha mwisho, wakiamini patapatikana tu. Kwetu hapa mimi huanza na usiku. Na hizo sehemu mbili alizoziona mume wako, naomba mziache zote mbili.

Tuanze na kishimo. Kila mtoto wa Goma amelisikia neno mazuku, yaani mabonde yenye gesi inayoua, lakini wachache wameelezwa jinsi yanavyofanya kazi. Ukanda wa Goma hadi Sake ni ardhi ya lava yenye nyufa, na kwenye nyufa hizo inapanda gesi ya kaboni dioksidi kutoka chini kabisa. Gesi hiyo ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipai, inatambaa kama maji na kujaa popote penye bonde. Katika hewa ya kawaida ni asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 10, mtu mzima anazimia ndani ya dakika chache, na ndani ya mazuku mara nyingi inapita hapo kwa mbali sana. Huioni. Mchana jua na upepo vinaipunguza. Usiku kukiwa baridi na upepo umelala, inajaa tena, na saa mbaya kabisa ni zile za kabla ya alfajiri. Kwa hiyo mume wako alipita pale mchana, akaona majani mazuri na utulivu, na hakukosea kwa alichokiona. Lakini saa kumi ya usiku kishimo hicho kinaweza kuwa kisima kilichojaa hadi ukingoni. Yeye anapapenda kwa sababu panakinga upepo, na upepo huo ndio ungewaokoa.

Nitakueleza nilichokiona mwenyewe. Asubuhi moja nilisimama kwenye ukingo wa shimo la namna hiyo, halina kina hata cha mita mbili. Nilifunga karatasi inayowaka kwenye ncha ya fimbo ndefu, nikaishusha polepole. Moto uliwaka vizuri mpaka karibu na usawa wa magoti yangu, halafu ukazimika ghafla, kama nimeuchovya kwenye ndoo. Moshi wake haukupanda wala kushuka. Ulitandaa juu ya kitu nisichokiona, bapa kama shuka juu ya meza, ukawa unateleza kuelekea upande wa chini. Ndani ya shimo, juu ya majani, kulikuwa na ndege wawili wamekufa na mjusi mmoja.

Tafadhali usiende na mshumaa kupima mahali pa kulala ukidhani umepata cheti. Moto ukizimika, ondoka mbio. Usipozimika, bado hujui kitu, kwa sababu gesi inaweza kutosha kumlegeza mtu kabla ya kutosha kuuzima moto. Tena usiku haupimwi mchana. Kipimo ninachokiamini ni cha wachunga mbuzi: waulize mbuzi wamewahi kufia wapi. Mbuzi, mbwa na watoto wadogo ndio wanaotangulia, kwa kuwa pua zao ziko karibu na ardhi. Na mtu aliyelala, hata awe mrefu namna gani, ana kimo cha mbuzi. Usidanganyike pia kwamba gari limesimama juu ya magurudumu. Sakafu ya RAV4 haifiki hata mita moja kutoka chini. Na mkimwona mtu ameanguka bondeni, msishuke kumbeba. Kuna waliokufa kwenye mazuku wakienda kumwokoa aliyetangulia.

Ule uwanja wa mchanga nao, jiulize ni nani aliyeusawazisha. Milima ya Kalehe inashuka ziwani kwa mteremko mkali, na mito yake ni mifupi. Ukiona mahali pamoja tambarare kwenye mlango wa mto, ni mto wenyewe ulioleta mawe na mchanga huo, safari baada ya safari, na utarudi. Tarehe 4 Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi, mvua ilinyesha mlimani na mito ikashuka na mawe, magogo na nyumba. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengi zaidi hawakuonekana tena. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Siwezi kumwambia mama yeyote akalaze watoto kwenye mchanga wa mto wa upande ule, hata kiangazi.

Basi mlale wapi? Juu, kwenye mgongo wa kilima au kwenye bega lake, upepo unapopita, mbali na mkondo, na ndani ya ua wa mtu. Kulala porini peke yenu sikushauri hata kidogo. Tafuteni parokia, shule au parseli (kiwanja) yenye uzio, mwombe mwenyewe nafasi ya gari moja, halafu nendeni kwa nyumbakumi na kwa chifu wa kijiji mkiwa na kadi zenu za mpiga kura, jua bado liko juu. Mgeni aliyejitambulisha saa kumi jioni anapewa maji ya kunawa. Yule anayeonekana gizani na taa za gari anaogopesha watu, na watu wakiogopa lolote linaweza kutokea. Acheni kitu kidogo mkiondoka: sukari, sabuni, au pesa mkononi mwa mwenye ua.

Kuhusu usalama wa barabara ya Sake hadi Minova siandiki neno, kwa sababu jibu la wiki hii si la wiki ijayo. Waulize madereva wanaopita kila siku, watu watatu tofauti, siku mbili kabla na tena asubuhi yenyewe. Mmoja akisita, ahirisheni. Ziwa halihami. Na tafadhali msiamue kurudi kwa boti kwa sababu barabara imewachosha. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya macho ya watu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma. Boti iliyojaa kupita kiasi, bila jile (jaketi) za kuokolea, haipandwi na familia.

Sasa mwendo. Kwanza niambie kilomita zako 7 umezipataje. Kama ulichora mstari ulionyooka kwenye simu, si 7. Ufuko wa Kivu umejaa ghuba na rasi, kila ghuba inakuzungusha. Chukua uzi, uulaze juu ya ramani ukifuata njia yenyewe na mikunjo yake yote, ndipo upime. Usishangae ukikuta 10. Tena usitarajie mchanga wa kutembelea mwanzo hadi mwisho. Utatembea zaidi kwenye vijia vya juu, katikati ya migomba na mihogo ya watu, unashuka kwenye kijiji cha wavuvi, unapanda tena.

Tuseme uzi umethibitisha kilomita 14 kwenda na kurudi, na mita 400 za kupanda kwa jumla. Hesabu ya watu wa milimani inasema saa moja kwa kila kilomita 5, na dakika 10 zaidi kwa kila mita 100 za kupanda. Hiyo ingekupa saa tatu na nusu. Lakini hesabu hiyo ni ya watu wazima wasiosimama. Mwendo wa mtoto wa miaka 8 ni kilomita 3 kwa saa: hapo ni saa nne na dakika 40, ongeza dakika 40 za kupanda. Ongeza tena saa moja na nusu ya kula, kupumzika na kusalimia, maana kwetu huwezi kupita kwenye ua wa mtu kama upepo. Jumla ni kama saa saba. Mkianza saa moja asubuhi, mnafika kwenye gari saa nane mchana. Jua la Goma linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na giza linafuata upesi, kwa hiyo mnabaki na akiba ya kutosha. Wekeni saa ya kugeuka, saa nne na nusu, mwandike kwenye karatasi. Ikifika, mnageuka hata kama kijiji mlichokilenga kinaonekana mbele. Mtu akiumia kifundo, motari (dereva wa pikipiki) anapatikana kwenye barabara kuu, kwa hiyo kila mara mjue ni kijia kipi kinapanda kwenda huko.

Ndiyo maana ninapenda usiku wa gari uje kabla ya matembezi. Ondokeni Goma Ijumaa mapema. Ni kilomita 50 hivi tu, lakini kwa mashimo na bariera (vizuizi vya barabarani) msizihesabu kama 50. Fikeni kabla ya saa kumi, mlale, mtembee Jumamosi, mrudi Himbi kungali mchana. Ukitaka kuondoka mjini asubuhi ile ile, barabara itakula saa zile nzuri za baridi, na utajikuta unatembea saa ya mvua.

Mvua ndiyo inayonileta kwenye maji kupwa na kujaa. Kivu halina jambo hilo la kuangalia. Maji yake yanapanda na kushuka kidogo tu, kwa majira. Badala yake tuna vijito. Kijito ulichovuka saa tatu maji yakiwa kwenye kifundo kinaweza kukufika kifuani saa nane, na wewe hujapata hata tone, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani usikoona. Kila mnapovuka, chomekeni kijiti penye ukingo wa maji. Mkirudi, angalieni. Maji yakiwa yamepita kijiti, yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yanabeba majani, au mnasikia mawe yakigongana chini, msivuke. Pandeni juu mkangoje, au mtafute daraja la barabara kuu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ninayoipendekeza. Mwezi wa nne na wa tano nakataa.

Ndani ya gari: watu wanne hawalali kwenye RAV4. Lazeni viti vya nyuma, wewe na watoto mlale humo, baba apige hema pembeni, upande wa juu wa mteremko. Fungueni vioo viwili vya pande tofauti, vidole vitatu, na mfunike kwa chandarua. Malaria ipo hata kwenye mita 1,460 za Kivu. Usiku kuna baridi, na hapo ndipo mtu anaingiza babula, jiko la makala (makaa), ndani ya gari. Usifanye hivyo kamwe, hata makala yakionekana yamebaki majivu. Gesi ya makala ni nyingine, inaua bila harufu, na hiyo haihitaji shimo. Injini nayo izimwe usiku kucha. Chukueni blanketi mbili zaidi. Geuzeni pua ya gari itazame mlangoni, na ufunguo ukae mahali ambapo hata yule wa miaka 13 anapajua.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani: lita 3 kwa kila mtu kwa siku ya kutembea, na bido moja ya lita 20 ibaki garini. Maji ya ziwa, hata yakionekana safi namna gani, yachemsheni hadi yatokote au mtie dawa ya klorini. Kolera haijawahi kuihama pwani hii kabisa. Chakula nakuachia wewe, isipokuwa jambo moja: jioni ya Ijumaa nunueni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kijijini. Mkilala juu, usiku mtaona taa za wavuvi, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, na mkibahatika upepo utawaletea nyimbo zao.

Mtoto wa miaka 8 ataweza, kama hesabu yote imefanywa kwa miguu yake. Viatu alivyokwisha kuvizoea, si vipya. Atangulie mbele, nyinyi mfuate mwendo wake. Na ile kazi ya kuchomeka vijiti mitoni mpeni yeye: mkirudi, atawaambia maji yamefika wapi kabla hamjauliza.