Maswali ya Wasomaji: Je, Ujerumani ilionewa Versailles?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kati ya Ujerumani na washindi wake, uliionea Ujerumani, na kwamba uonevu huo ndio uliomfungulia Hitler mlango. Baba yangu hakubaliani na hilo. Anasema aliyeshindwa vitani hana haki ya kuchagua masharti. Naomba mtuamulie.
Msomaji, Iringa

JIBU: Ndugu msomaji, ndani ya swali lako mna maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya, nayo ni uzito wa masharti yenyewe na namna yalivyopatikana. Kwa la kwanza, mzee wako yuko karibu zaidi na ukweli. Kwa la pili, walimu wako hawakukosea.

Ujerumani ilipoteza takriban asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya, jeshi lake likapunguzwa hadi askari 100,000, na mwaka 1921 ikatajiwa fidia ya marki bilioni 132 za dhahabu. Jumla hiyo ya fidia inatisha, na ndiyo inayokaririwa darasani, lakini marki bilioni 82 kati yake ziliwekwa katika hati za dhamana ambazo hata waliozitunga hawakutarajia zilipwe, kwa hiyo deni la kweli lilikuwa bilioni 50. Hata hilo lililegezwa mwaka 1924 na tena mwaka 1929, kisha mwaka 1932 likaachwa kabisa. Tukumbuke pia kwamba vita vya upande wa magharibi vilipiganwa zaidi katika ardhi ya Ubelgiji na Ufaransa, na kwamba majeshi ya Ujerumani yaliharibu na kujaza maji migodi ya makaa ya mawe ya kaskazini mwa Ufaransa. Anayebomoa nyumba ya jirani kisha akatakiwa achangie kuijenga upya hajaonewa. Na Ujerumani yenyewe ilipokuwa mshindi haikuwa na huruma: mwaka 1871 iliitoza Ufaransa faranga bilioni 5 na kuichukulia Alsace pamoja na sehemu ya Lorraine, na Machi 1918, kwa mkataba wa amani wa Brest-Litovsk, iliilazimisha Urusi kuachia maeneo makubwa mno kuliko yale ambayo Ujerumani ilikuja kupoteza mwaka uliofuata.

Tunapokuja kwenye namna masharti yalivyopatikana, hapo ndipo tunapoiona dhuluma. Wajumbe wa Ujerumani hawakuketi mezani kujadiliana. Walikabidhiwa rasimu iliyokwisha kuandikwa tarehe 7 Mei 1919, wakaruhusiwa kutoa hoja zao kwa maandishi tu, na baada ya mabadiliko machache wakaambiwa wasaini la sivyo vita vitaanza upya, wakati meli za washindi zilikuwa bado zimeizingira nchi yao ingawa bunduki zilinyamaza tangu Novemba. Kiongozi wa serikali, Philipp Scheidemann, alijiuzulu kuliko kukubali. Mkataba ukasainiwa tarehe 28 Juni katika Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles nchini Ufaransa, ukumbi uleule ambamo Dola ya Ujerumani ilitangazwa mwaka 1871, na kila aliyekuwapo aliielewa maana ya kuchagua mahali pale. Linalotuumiza zaidi ni kwamba Kaisari aliyeingia vitani alikuwa amekwisha kukimbilia Uholanzi, na walioitwa kuinamisha vichwa walikuwa viongozi wa jamhuri changa ambao adui zao wa nyumbani waliwaita wasaliti tangu siku hiyo. Hata Kifungu cha 231, kilichoitaja Ujerumani kuwa yenye dhima ya hasara za vita, hakina neno «hatia». Kilikuwa msingi wa kisheria wa kudai fidia. Lakini watu ambao hawakusikilizwa walikisoma kama hukumu, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo.

Kuhusu Hitler, mkataba haukumleta moja kwa moja. Mwaka 1928, miaka 9 baada ya Versailles, chama chake kilipata asilimia 2.6 tu ya kura. Kilichokikuza hadi asilimia 37 mnamo Julai 1932 ni mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929. Manung'uniko ya Versailles yalikuwa kuni zilizokuwapo tayari. Moto ulitoka kwingine.

Lipo jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Kwa Kifungu cha 119 Ujerumani ilizikabidhi kwa washindi makoloni yake yote, na Afrika Mashariki ya Kijerumani ikagawanywa: Tanganyika kwa Waingereza, Ruanda-Urundi kwa Wabelgiji, na Kionga kwa Wareno. Wakazi hawakuulizwa. Wapagazi walikuwa wamekufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na Ugogo ilikuwa katika njaa ya Mtunya baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wake, ilhali hesabu ya fidia iliyopigwa Ulaya haikuwagusa hao. Ikiwa Wajerumani walipewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, hawa hawakupewa hata hiyo.

Na kwa kuwa unatuandikia kutoka Iringa, tafuta Kifungu cha 246 cha mkataba huohuo. Kinaitaka Ujerumani irudishe, ndani ya miezi 6, fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa mojawapo ya masharti ya haki kabisa yaliyoandikwa Versailles, lakini miezi 6 ikapita, na washindi waliokuwa wakali kwa makaa ya mawe hawakulifuatilia kwa ukali huohuo. Fuvu lilipatikana katika jumba la makumbusho la Bremen, na Gavana Edward Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, mwezi Juni 1954. Liko Kalenga, si mbali na kwenu.