Utando wa Birika na Mapango ya Amboni

SWALI: Birika langu la kuchemshia maji ya kisima linaganda utando mweupe mgumu. Mwanangu wa sekondari anasema hiyo ndiyo chokaa iliyotoboa mapango ya Amboni, Tanga. Ni kweli? Mbona basi huku kwetu mawe yamejaa tele lakini mapango ya namna hiyo hatuna?
– Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Mwanao kakaribia, ila chokaa haikutoboa kitu, yenyewe ndiyo iliyotobolewa. Mvua hubeba hewa ya ukaa kidogo ikawa tindikali hafifu. Ikipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza huongeza makali, maana hewa iliyo udongoni huwa na ukaa makumi ya mara kuliko tunayovuta. Maji hayo yakikuta jiwe la chokaa (kalisi kaboneti) huligeuza kuwa kalisi baikaboneti, ambayo huyeyuka na kuondoka nayo.

Kazi huanzia kwenye nyufa nyembamba mno. Ufa uliotangulia kupanuka hupitisha maji mengi, hivyo huzidi kupanuka, huku wa jirani ukidumaa. Ndiyo sababu pango hufuata njia chache tu. Dari ikilemewa huporomoka, juu pakabaki shimo, na mito huzama humo. Si kazi ya leo na kesho: hata penye mvua nyingi, uso wa chokaa hupungua milimita chache tu kwa miaka 100.

Birika lako hufanya kinyume. Ukichemsha, hewa ya ukaa hutoroka, baikaboneti hurudi kuwa kaboneti na kuganda. Tone linaloning'inia darini Amboni hupoteza hewa vivyo hivyo, bila moto, likaacha chokaa.

Mawe ya Dodoma mengi ni matale (graniti). Madini yake ya kwatzi hayayeyuki kwa tindikali hafifu, na yale ya felspa hugeuka udongo wa mfinyanzi unaobaki palepale. Jiwe hubambuka maganda kama kitunguu, halitobolewi. Mvua nayo ni ya msimu mmoja, na sehemu kubwa hukauka. Vile vinundu vyeupe mnavyokuta mkichimba msingi ni chokaa kweli, lakini iliachwa na maji yaliyokauka udongoni. Ni tabaka jembamba mno kubeba pango.

Kupima, vunja jiwe upate uso mpya, kisha dondoshea siki. Chokaa hutoa povu. Likinyamaza, kwangua unga udondoshee tena, kwani dolomaiti (jiwe la jamii ya chokaa lenye magnesi) huchemka ikiwa unga tu. Usitumie jiwe lililoshika plasta: saruji nayo hutoa povu, ukadanganyika.